Namna ya Kutambua Kasoro za Usalama Zilizojificha Katika Gari la Kifahari Lililotumika

Mnunuzi wa kwetu anapofika yadi kutazama Mercedes-Benz, BMW au Range Rover iliyotumika, kwa kawaida hufungua boneti, husikiliza injini, huulizia gia, kisha hupitisha kiganja juu ya rangi. Ukaguzi huo una maana yake, kwa sababu injini mbovu itamtia hasara, lakini ni nadra injini mbovu kumuua mtu. Vinavyoua ni breki zilizokataa, mifuko ya hewa iliyoharibika, mikanda isiyoshika, tairi zilizozeeka na bodi iliyowahi kupinda. Na katika gari la kifahari vitu hivyo vimefunikwa kwa plastiki, ngozi na kompyuta kiasi kwamba gari linaweza kwenda kimya na kwa starehe huku vyote vikiwa havina kazi. Mwongozo huu unahusu vitu hivyo tu.

Anza na namba ya chesisi

Kiwanda kinapogundua kwamba kimeuza magari yenye kasoro ya hatari, hutoa wito: wenye magari huandikiwa barua, hupeleka magari yao kwa wakala, na kifaa chenye kasoro hubadilishwa bila malipo. Shida yetu ni kwamba barua hiyo hupelekwa kwa mtu ambaye jina lake limo katika usajili wa Japani au Uingereza, na gari likishapakiwa melini wito haulifuati. Kwa hiyo gari linaweza kuteremshwa Dar es Salaam au Mombasa likiwa na kasoro ambayo kiwanda kimekwisha kuikiri hadharani, na mnunuzi asipotafuta mwenyewe hakuna atakayemwambia.

Kabla hujatoka nyumbani, mwombe muuzaji akutumie picha ya namba ya chesisi. Magari ya Ulaya huwa na namba yenye tarakimu na herufi 17, na ndani yake hakuna kamwe herufi I, O wala Q. Ukiiona mojawapo, namba imenakiliwa vibaya au imechezewa. Magari ya Kijapani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, kama vile Toyota Crown, hayafuati mtindo huo, bali huwa na alama ya modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Ingiza namba hiyo katika tovuti ya kiwanda husika, sehemu ya wito wa usalama, ukitumia tovuti ya nchi ambako gari lilitumika. Ukurasa wa Kijapani husomeka vya kutosha kwa programu ya tafsiri ya simu. Kama gari limetoka Uingereza, omba pia namba ya usajili wa huko, kwa maana tovuti ya serikali yao huonyesha bure historia ya ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT, pamoja na kilomita au maili zilizoandikwa siku ya ukaguzi na maneno ya mkaguzi kuhusu kutu, breki na tairi. Ni hazina ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Ukifika kwenye gari, linganisha namba iliyo kwenye kadi na iliyo chini ya kioo cha mbele, ya kwenye nguzo ya mlango na iliyogongwa kwenye bodi.

Wito mmoja unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hali ya hewa ya pwani yetu inauzidisha. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vifaa vya kujazia mifuko ya hewa, ambayo mafundi huiita eabegi, kwa kutumia nitrati ya amonia. Kemikali hiyo, inapokaa miaka mingi katika joto na unyevu, hubadilika. Siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo la chuma linaloihifadhi hupasuka, na vipande vyake humrukia dereva usoni na shingoni. Takata iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2017, na magari yaliyoitwa ulimwenguni yalihesabiwa kwa mamilioni mengi, yakiwemo ya BMW, Mercedes-Benz, Audi, Lexus, Jaguar, Land Rover na hata Ferrari. Marekani ilitanguliza majimbo yenye joto na unyevu kama Florida, na kwa upande wa Ufaransa wengi wa waliokufa walikuwa katika maeneo ya ng'ambo kama Guadeloupe na Réunion, kisiwa kilicho katika Bahari ya Hindi hii hii yetu. Gari la mwaka 2008 lililoegeshwa juani Tanga, Unguja au Malindi kwa miaka kumi liko katika mazingira yale yale. Japani iliamua mwaka 2018 kwamba magari yenye vifaa hatari vya aina hiyo ambavyo havijabadilishwa hayatapita ukaguzi wao wa lazima, na mimi naona kwamba gari lililouzwa nje badala ya kupelekwa kwenye ukaguzi huo linastahili kuulizwa maswali zaidi. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane, lakini magari yaliyoingia zamani bado yanauzwa mkono kwa mkono. Tanzania haizuii umri bali hutoza kodi ya uchakavu, kwa hiyo magari ya miaka hiyo bado ni mengi.

Wito mwingine wa kuukumbuka ni wa Mercedes-Benz ML, GL na R zilizotengenezwa kati ya 2004 na 2015. Mwaka 2022 kampuni iliita magari yanayokaribia 1,000,000 na kuwataka wenye nayo waache kuyaendesha, kwa sababu maji hukusanyika chini ya mpira unaofunika busta ya breki (kifaa kinachoongezea nguvu mguu wa dereva anapokanyaga), chuma huliwa na kutu, busta huvuja, na breki huhitaji nguvu nyingi mno au hukatika kabisa. Upande wa BMW, mwaka 2018 wito wa Uingereza ulipanuliwa hadi kupita magari 300,000 baada ya kubainika kwamba hitilafu ya umeme ingeweza kuzima gari likiwa mwendoni pamoja na taa zake za breki. Na mwaka huo huo magari ya dizeli ya kampuni hiyo yaliitwa kwa sababu kipozeo cha moshi kilivuja na kuwasha moto, jambo lililojulikana zaidi Korea Kusini. Kasoro hizi hazina maana kwamba modeli hizo hazinunuliki. Maana yake ni kwamba unahitaji karatasi ya wakala inayothibitisha kuwa kazi ilifanyika.

Taa za dashibodi

Izungushe swichi hadi umeme uwake bila kuwasha injini, kisha uitazame dashibodi kwa makini. Taa ya mifuko ya hewa, ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu) na ya injini ni lazima ziwake zote, kisha ile ya mifuko ya hewa izimike yenyewe baada ya sekunde chache. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki ikiwaka, kwa sababu mtu ameiondoa au ameifunika. Wengine huunganisha waya wa taa hiyo na taa nyingine ili ziwake na kuzimika pamoja, basi angalia kama kila moja ina mwendo wake. Hila iliyo ngumu zaidi kuiona ni ya kuweka rizista ndogo mahali ambapo mfuko wa hewa uling'olewa baada ya ajali: kompyuta hupima ukinzani, huuona uko sawa, na kuzima taa, ilhali nyuma ya kifuniko cha usukani hakuna kitu. Kwa hiyo tazama pia kifuniko chenyewe, kama rangi yake inalingana na ya dashibodi, kama alama imekaa sawa, na kama kuna mshono wa gundi upande wa abiria.

Vuta kila mkanda hadi mwisho wake, hata wa viti vya nyuma. Mkanda uliowahi kuzuia mtu katika ajali kubwa huwa na nyuzi zilizoungua au kusagika pale unapopita kwenye pete, na kishikio ambacho baruti yake ya kukaza mkanda imekwisha kulipuka hubaki kimeshuka chini kuliko cha upande wa pili. Kwenye mwanzo wa mkanda kuna kitambulisho chenye tarehe. Tarehe iliyo mbele sana ya mwaka wa gari inaonyesha kwamba mkanda ulibadilishwa, nawe uulize kwa nini.

Baada ya hapo mlete fundi wa umeme wako mwenyewe, si wa yadi, mwenye mashine inayosoma kompyuta zote za modeli hiyo. Vifaa vidogo vya bei nafuu husoma injini peke yake na kukuacha gizani kuhusu breki, mifuko ya hewa, usukani na springi za hewa. Mwombe akuonyeshe pia umbali uliotembea gari tangu hitilafu zifutwe mara ya mwisho, na kama vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe vimekamilika. Gari lililofutwa hitilafu asubuhi ile ile litaonekana safi mchana, lakini vipimo hivyo vitakuwa bado havijakamilika, na hilo ni jambo ambalo muuzaji itabidi akueleze.

Breki, tairi na chini ya gari

Jaribio la busta halihitaji chombo chochote. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu, iendelee kubanwa na mguu, kisha washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo yenyewe. Isiposhuka, au ukisikia hewa ikifyonzwa kwa sauti ya kuzomea unapokanyaga, usiliendeshe gari hilo hata kulijaribu. Mercedes E-Class za kati ya 2002 na 2006, pamoja na SL za zama hizo, zina mfumo tofauti wa breki za umeme uitwao SBC, ambao pampu yake huhesabu idadi ya mikanyago na hufikia ukomo wake. Mfumo huo ukishindwa, pedali huzama na breki hubaki za magurudumu ya mbele tu. Muulize muuzaji pampu ilibadilishwa lini. Fundi naye aonywe kwamba mfumo huo unaweza kujiwasha mlango unapofunguliwa na kumsaga vidole akiwa ameshika padi, kwa hiyo ni lazima uzimwe kwa mashine kwanza.

Tairi hujisemea zenyewe. Ubavuni mwa kila tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri, yaani mifereji yake bado ina kina, lakini iliyozeeka inaweza kupasuka ikiwa kwenye mwendo wa kasi kati ya Chalinze na Morogoro, na gari la kifahari ndilo linalomshawishi mtu aende kasi hiyo. Hakikisha tena kwamba zote nne ni za ukubwa na kiwango cha kasi kilichoandikwa na kiwanda kwenye nguzo ya mlango. Pitisha mkono upande wa ndani wa rimu, kwa sababu tairi nyembamba za magari haya hazivumilii mashimo, rimu hupasuka, na mahali pake huchomelewa kisha kupakwa rangi. Rimu iliyochomelewa siikubali kwa bei yoyote.

Gari lenye springi za hewa litazamwe asubuhi kabla halijawashwa. Likiwa limelala kona moja, hewa inavuja, na hilo si suala la starehe tu, kwa kuwa gari likishuka mwendoni tairi hugusa bodi.

Kisha lipandishwe juu. Magari ya Uingereza na ya kaskazini mwa Japani hupita katika barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, kwa hiyo kagua mabomba ya breki na sehemu springi zinapokaa kwa taa kali na bisibisi, kwani lami nyeusi iliyopakwa upya chini ya gari mara nyingi inafunika kutu. Inua zulia la buti na mpira wa milango: kiwanda huunganisha mabati kwa madoa madogo ya duara yenye nafasi sawa, na mahali ambapo utakuta mstari wa kuchomelea uliopindapinda, bodi ilikatwa. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani, daraja la R au RA linamaanisha gari lililotengenezwa baada ya ajali. Kwa Uingereza, tangu Oktoba 2017, kundi S ni la magari ambayo bima iliyafuta kwa kuwa kiunzi chake kiliharibika. Taka karatasi hizo ziwe za asili.

Mafuriko nayo yasisahaulike, hasa kwa magari yanayopitia Dubai, kwa maana tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949, na magari mengi yalizama. Ingiza mkono chini ya viti utafute plagi za njano, ambazo ndizo za mifuko ya hewa na mikanda. Zikiwa na kutu ya kijani au matope makavu, siku ya ajali huenda umeme usifike.

Ukikuta kasoro inayorekebishika, iandikwe katika mkataba, na malipo ya mwisho yafanyike baada ya wakala au fundi wako kuthibitisha kazi. Mfuko wa hewa usinunuliwe katika maduka ya spea zilizotumika hata kidogo, kwa kuwa unaweza kuwa ni ule ule wa Takata uliotolewa katika gari jingine, na hata ambao si wa Takata hujui uliwahi kulowa au la. Muuzaji akizuia gari lisipandishwe juu, au lisisomwe na mashine ya fundi wako, mrudishie ufunguo siku hiyo hiyo, na amana usiiache.