Kufyatua matofali ya saruji Mtwara na Lindi: mchanga, kipimo na umwagiliaji

Saruji huku kusini si tatizo. Tangu kiwanda cha Dangote kianze kazi Msijute mwaka 2015, mfuko unafika saiti ukiwa bado mpya. Tofali linaharibika kwa mambo mengine mawili, mchanga linalofyatuliwa nao na siku zinazofuata baada ya kutolewa kwenye mashine.

Tuanze na mchanga. Anayejenga Shangani, Mikindani au Lindi mjini anauona mchanga wa ufukweni hapo hapo, bure au kwa bei ya toroli. Usiuguse. Chembe zake ni za duara na zinalingana ukubwa, kwa hiyo hazishikani na zinaacha nafasi nyingi ambazo saruji haiwezi kuziba. Kubwa zaidi ni chumvi. Ndani ya tofali chumvi inavuta unyevu wa hewa, ukuta unabaki na majimaji, kisha unga mweupe unajitokeza na kuisukuma plasta na rangi mpaka zibanduke. Chumvi hiyo ikiingia kwenye zege la nguzo au lenta, nondo zinashika kutu, zinavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ukiupaka upya ukuta wenye chumvi umenunua miezi michache tu.

Maji nayo yaangalie. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Yaonje: kama hayanyweki kwa ladha ya chumvi, yasiende kwenye saruji wala kwenye kumwagilia.

Unaofaa ni mchanga wa mto, au wa shimo wenye chembe za ukubwa mchanganyiko. Mchanga mwekundu wa mashimo unahitaji kupimwa kwanza kwa sababu mara nyingi umebeba udongo, na udongo unazifunika chembe hata saruji isizishike. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5 isiyo na rangi. Jaza mchanga hadi nusu, ongeza maji hadi karibu na shingo, tikisa kwa nguvu, weka mahali pasipoguswa kwa saa 3. Mchanga utalala chini na udongo laini utatengeneza tabaka juu yake. Kwa mchanga wa sentimita 10, tabaka hilo lisizidi sentimita 1. Likizidi, rudisha lori au uoshe mchanga. Kwa kawaida kurudisha ni nafuu zaidi, lakini upime kabla dereva hajamwaga.

Sasa kipimo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35. Kwa matofali ya msingi tumia uwiano wa 1:6, yaani mfuko mmoja wa saruji kwa ndoo 10 na nusu za mchanga, ndoo ya lita 20. Kwa kuta za nyumba ya chini isiyo na ghorofa, 1:8 inatosha, nayo ni ndoo 14. Toroli hazilingani, hivyo pima la kwako mara moja kwa ndoo, kisha uendelee nalo.

Tofali lisilo na matundu la inchi 6 lina urefu wa milimita 450, kimo 230 na unene 150. Ujazo wake ni lita 15 na nusu na uzito wake ni kilo 30 hivi. Kwa 1:6 mfuko unatoa matofali 12 hivi, na kwa 1:8 ni 15 au 16. Fundi akikuahidi 35 kwa mfuko, hesabu ya ujazo inasema uwiano umeshavuka 1:15, na hakuna ufundi wa mkono unaoweza kuibadilisha hesabu hiyo. Ila pia usimshuku bure: mchanga wenye unyevu unavimba, kwa hiyo ndoo iliyojazwa baada ya mvua ina mchanga mchache kuliko ya wakati wa kiangazi, na idadi ya matofali inashuka kidogo.

Changanya juu ya sakafu ngumu au bati, kamwe si juu ya ardhi. Geuza saruji na mchanga vikiwa vikavu angalau mara 3, mpaka rangi iwe moja bila mistari. Ndipo maji yaingie kidogo kidogo, kwa kunyunyizia. Kupima, kamata konzi moja na uibane. Ukifungua kiganja, donge libaki na alama za vidole bila maji kuchuruzika. Likisambaratika, ongeza maji. Kiganja kikiloa chepechepe, umezidisha, na tofali litajikunja pembe wakati wa kutoa kibao. Changanya mfuko mmoja kwa wakati na uumalize ndani ya saa moja. Mchanganyiko ulioanza kukaza ukiongezewa maji unalainika tena, lakini nguvu yake haitarudi.

Kwenye mashine ya mkono, jaza nusu, shindilia pembe nne kwanza, kisha jaza mpaka juu na ugonge kifuniko kwa idadi ile ile kila tofali. Pembe ndizo zinazosahaulika, ndiyo maana matofali mengi yanamomonyoka hapo hata kabla hayajapakiwa kwenye gari. Yapange chini ya kivuli, juu ya nailoni au sakafu iliyonyooka, na usiyaguse kwa saa 24.

Kinachofuata ndicho wengi wanakiruka. Saruji haipati nguvu kwa kukauka. Inapata nguvu kwa kuungana na maji, na maji yakiisha mapema, kazi hiyo inasimama. Kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo wa kusi na jua vinalikausha tofali kwa nje kabla ya mchana kwisha. Linaonekana gumu na jeupe, lakini ukilikwaruza kwa msumari linatoa vumbi. Mwagilia asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7 za mwanzo, kisha asubuhi na jioni mpaka siku ya 14. Funika kwa nailoni, au makuti yaliyoloweshwa. Baada ya siku 3 unaweza kuyapanga, yasizidi safu 5 kwenda juu. Kujengea, subiri siku 28; ukibanwa sana, zisipungue 14.

Hapo ndipo msimu wa korosho unapoleta shida. Minada ikianza mnamo Oktoba, pesa zinaingia kwa wakati mmoja, kila mtu anataka tofali, na yadi za matofali zinauza tofali lenye umri wa siku 3 tu. Mwenye akiba kidogo afyatue Julai au Agosti, yakomae kabla ya foleni na kabla ya mvua za Desemba. Saruji usiinunue mapema hivyo kuiweka ndani, maana hewa ya pwani inaigandisha. Ikibidi, ipandishe juu ya mbao sentimita 15 kutoka sakafuni, isiguse ukuta, mifuko isizidi 10 kwenda juu. Donge linalosagika kwa vidole si neno; lisilosagika, tupa.

Ukilazimika kununua yadi, chagua tofali kutoka katikati ya rundo, maana yale ya mbele yamewekwa kwa ajili ya macho yako. Liangushe kutoka usawa wa kiuno kwenye mchanga uliobana, lisivunjike. Gonganisha mawili: sauti iwe kavu na ya kulia. Kisha vunja moja, hata kama utalilipia, na utazame ndani. Mistari ya kijivu na ya mchanga mtupu inamaanisha halikuchanganywa sawasawa.

Kuhusu idadi ya kuagiza: kwa kujenga yakiwa yamesimama na mchanganyiko wa saruji wa kuunganishia wa milimita 20, mita moja ya mraba inakula matofali 8 na nusu. Ukuta wa mita 3 kwa 3 ni 77. Msingi unaolazwa unakula 12 na nusu kwa mita ya mraba, karibu mara moja na nusu, na hapa ndipo makadirio ya wengi yanapokosea. Ongeza 5 kwa kila 100 kwa ajili ya yatakayovunjika, na 10 kama barabara ya kufika saiti ni ya mashimo.