Kujipiga Picha Chumbani: Dirisha, Doti ya Kanga na Swali la Wewe ni Nani

Kabla hujashika kamera, chukua karatasi uandike sentensi moja inayoanza na "Watu hunidhania...", kisha uimalizie kwa "kumbe". Watu hunidhania mtoto wa mjini, kumbe kila likizo nachunga ng'ombe Kondoa. Watu hunidhania mkimya, kumbe kwenye sherehe za kwetu ngoma naipiga mimi. Mwanafunzi anayeanza na "nataka kuonyesha utambulisho wangu" huishia na uso mzito unaotazama pembeni, na anayeiangalia picha haambulii kitu. Sentensi yenye fimbo, ngoma, sare ya kazi au daftari la madeni ya duka inakupa kitu cha kuweka mbele ya lenzi. Chagua kimoja tu. Vikizidi viwili, picha inageuka meza ya mnada.

Kuna waliotutangulia katika kazi hii. Mpiga picha Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mchana alipiga wateja, na vipande vya filamu vilivyobaki mwisho wa siku akajipiga mwenyewe, kwa mavazi na mikao ambayo mteja asingeiomba. Zanele Muholi, mpiga picha wa Afrika Kusini, hujivika vitu vya nyumbani kichwani, vibanio vya nguo na vyuma vya kusugulia sufuria, kisha huongeza tofauti ya giza na mwanga hadi ngozi inakuwa nyeusi zaidi ya ilivyo. Usiige mikao yao. Jifunze walivyogeuza kilichokuwepo karibu kuwa hoja.

Sasa chumba. Cha kupanga, futi kumi kwa kumi, Sinza au Mbagala, kinatosha. Tafuta dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Kaa mita moja kutoka dirishani, dirisha likiwa ubavuni na mbele yako kidogo, na upande wa pili simamisha manila nyeupe nusu mita kutoka shavuni ili irudishe mwanga. Zima taa: rangi ya balbu ikichanganyika na ya mchana, nusu ya uso inakuwa ya njano na hakuna programu itakayoirekebisha vizuri. Angalia pia ukuta. Ukuta wa kijani hutupa ukijani chini ya kidevu, na dawa yake ni shuka jeupe juu yake. Nje usipige saa sita mchana. Dar iko karibu na ikweta, na mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua husimama utosini kabisa, macho yakawa mashimo mawili. Subiri saa kumi na moja jioni, au kaa barazani kwenye kivuli.

Pazia la nyuma zuri kuliko yote liko Kariakoo: doti ya kanga ambayo haijakatwa. Vipande viwili vilivyoungana vina urefu wa mita tatu hivi na kimo cha mita moja na kidogo, yaani vinajaza upana wa ukuta mmoja wa chumba. Ifue mara moja kwanza, maana kanga mpya ina wanga unaong'aa kwenye picha, kisha ipige pasi. Tatizo linalowakuta wengi ni jina. Maandishi ya kanga yako chini katikati ya kila kipande, juu ya pindo, kwa hiyo ukikaa mbele ya kipande kimoja tumbo lako linayafunika. Itundike juu zaidi, pindo la chini likiwa usawa wa kifua chako ukiwa umekaa, halafu weka stuli mbele ya pale vipande vinapoungana. Jina litasomeka mara mbili, kushoto na kulia kwako. Kwa sentensi ya "hunidhania", sijui kanga iliyo bora kuliko MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE.

Tahadhari moja hapa. Kamera ya mbele ya baadhi ya simu hugeuza picha kama kioo, na jina linasomeka kinyumenyume. Tumia kamera ya nyuma. Ina ubora zaidi pia, na haikulazimishi kuwa karibu: chini ya mita moja pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Kaa sentimita 60 mbele ya kanga na kamera iwe mita 1.7 kutoka kwako, usawa wa macho. Kwa kamera yenye lenzi ya milimita 18–55, weka milimita 24, f/5.6 (uwazi wa lenzi), kasi ya 1/125 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 800 hadi 1600.

Kufokasi ukiwa peke yako ndiko kunakoharibu picha nyingi. Simamisha ufagio juu ya stuli, fokasi kwenye mti wake, kisha sogeza swichi ya lenzi kutoka AF (kamera inafokasi yenyewe) kwenda MF (fokasi ya mkono). Ukiiacha kwenye AF, unapobonyeza taima stuli iko tupu, kamera inashika kanga, na wewe unatoka na ukungu. Taima ya sekunde 10 inatosha kufika, kukaa na kuvuta pumzi. Simu nyingi hupiga pia ukibonyeza kitufe cha sauti kwenye hedifoni za waya. Zima feni unapopiga tu, kwa sababu huipeperusha kanga, halafu iwashe tena. Weka taulo karibu: jasho la Dar linang'aa kwenye paji la uso kuliko unavyoliona.

Kuhusu ngozi. Kipimo cha mwanga cha kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Nyuma kukiwa na ukuta mweupe au kanga yenye nyeupe nyingi, kinapunguza mwanga, na uso mweusi unazama hata macho hayaonekani. Ongeza mwanga mpaka kipimo kisome +0.7 hadi +1. Nyuma kukiwa giza kinafanya kinyume, ngozi inapauka kama imepakwa majivu, punguza mpaka kisome -0.7. Kwenye simu, weka juu ya stuli mto uliofunikwa kitambaa kinachokaribia rangi ya ngozi yako, ugusie kidole kwenye kioo na ushikilie mpaka simu ifunge kipimo cha mwanga. Acha programu za kung'arisha uso. Zinafuta kovu, chale na weusi wenyewe, yaani ushahidi wote wa nani amekaa pale.

Ukishapata picha ya msingi, badilisha kitu kimoja kwa wakati, kamera isiguswe. Piga ukiwa na sare, kisha na nguo za nyumbani, mkao uleule. Piga umegeuza mgongo. Piga mikono peke yake ikishika kile kitu cha kwenye sentensi. Halafu weka kasi ya sekunde moja, ISO 100, f/16, ugeuze kichwa polepole: kanga na mabega vinabaki wazi, uso unayeyuka. Kichwa kikigeuka haraka kinapotea chote, kwa hiyo rudia mara kumi au kumi na tano.

Safisha angalau sita, saizi ya sentimita 10 kwa 15, uzitandaze mkekani. Kabla ya kuzipeleka kusafishwa, shusha mwanga wa kioo cha simu hadi nusu uzitazame tena, kwa kuwa karatasi haiwaki kama kioo na nywele nyeusi hupotelea kwenye giza la nyuma. Zikipotea, rudi chumbani, sogeza stuli sentimita 30 mbali na kanga na manila nyuma kidogo ya sikio.