Amplifaya ya dijitali: anza na chaja, bodi baadaye

Mteja akija kwenye banda langu hapa Tandika na bodi ndogo ya amplifaya mkononi, swali lake huwa lile lile: "Fundi, hii wati ngapi?" Namjibu kwa swali: una chaja ya volti ngapi?

Bodi hizi zimejaa Kariakoo, na nyingi ninazoletewa zina chipu ya TPA3116. Muuzaji atakwambia ni dijitali. Kwa kweli ni daraja D, na hiyo D ni herufi tu iliyofuata baada ya C. Sauti inaingia kama kawaida, kwa waya wa simu. Tofauti iko mwishoni: transista hazikai nusu wazi zikichemka, zinawaka na kuzima, kwa chipu hiyo kiasi cha mara 400,000 kwa sekunde. Muziki umo katika urefu wa kila mwako, kisha koili na kapasita zinaulainisha kabla haujafika kwenye spika. Ndiyo maana karibu asilimia 90 ya umeme inaweza kuishia kwenye spika. Sisi tuliolelewa na 2N3055, transista ya zamani, tukibeba hitisinki (bati la kuipoza) nzito kama kikaango, tulidhani tunadanganywa.

Sasa hesabu. Zidisha volti za chaja kwa zenyewe, kisha gawanya kwa ohm za spika zilizozidishwa kwa mbili. Chaja ya laptop ya volti 19 inakupa 361. Kwa spika ya ohm 8 gawanya kwa 16, unapata wati 22 na ushee. Kwa ohm 4 ni kama 45. Hicho ndicho kilele cha kila upande, kushoto na kulia, na kwa kweli utapata pungufu kidogo. Ukitumia volti 12 kwenye spika ile ile ya ohm 8, ni wati 9 tu, hata boksi liandikwe 100. Uongo wa wati si wa Kariakoo peke yake: Sinclair ya Uingereza ilitoa amplifaya ya aina hii mwaka 1964, X-10, ikiitwa ya wati 10, na haikuzifikia.

Mimi hupendelea chaja ya laptop iliyotumika, volti 19, ampea 3.42 au 4.74. Usivuke volti 26, huo ndio mwisho wa TPA3116. Kabla ya kuunga, ipime kwa mita na uhakikishe chanya na hasi. Ukigeuza hizo mbili, bodi imekwenda. Weka fyuzi ya ampea 5 kwenye waya wa chanya.

Kwenye kufunga spika, nisikilize vizuri, maana hapa nililipa mwenyewe. Nilimfungia mama mmoja mwenye mgahawa boksi la zamani lenye waya tatu: chanya mbili na hasi moja ya pamoja. Kwenye amplifaya nyingi za zamani hilo ni sawa. Bodi hizi lakini zinasukuma spika kwa waya zake zote mbili. Hiyo inayoandikwa hasi nayo ina umeme. Bodi ikawaka, ikazima, ikawaka tena, halafu moshi. Mama akaniangalia: "Fundi, ile redio yangu mbovu haikuwahi kutoa moshi." Bodi ya pili ilitoka mfukoni mwangu. Basi kila spika iwe na waya zake mbili, na hasi isiguse bati la boksi wala hasi ya spika nyingine.

Dijitali kamili ni jambo jingine. Humo wimbo unabaki namba tangu kwenye faili hadi kwenye transista za mwisho. Namba zenyewe zinageuzwa kuwa mapigo. Toccata ya Denmark ilifanya hivyo kwenye amplifaya iitwayo Millennium, na mwaka 2000 Texas Instruments wakainunua kampuni hiyo. Ninachokipenda pale ni kidude cha kuongeza na kupunguza sauti: kilipunguza volti za pawasaplai, kwa sababu kupunguza namba kunakula sauti ndogondogo. Ubaya wake ni kwamba mfumo wa namna hiyo, usipokuwa na mrejesho wa kujisahihisha, pawasaplai ikiyumba na muziki unayumba. Zipo chipu za baadaye zilizorudishiwa mrejesho, lakini bado mimi huanza na chaja.

Ukitaka kuonja njia ya namba kwa gharama ndogo, tafuta bodi ya MAX98357A. Inapokea namba moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta ndogo za bodi moja kama Raspberry Pi, au chipu kama ESP32, kwa waya tatu, zifanye fupi. Kwa volti 5 na spika ya ohm 4 inatoa kama wati 3, na ni ya upande mmoja, kwa hiyo nunua mbili. Inatosha chumbani.

Ukimaliza kufunga TPA3116 yako, subiri usiku mtaa utulie. Washa bila wimbo, weka sikio kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Sauti ndogo ya sss si kitu. Halafu unga simu ikiwa inachaji kutoka kwenye umeme ule ule wa bodi. Ukisikia mlio kama wa nyuki, chomoa chaja ya simu. Mlio ukikatika, bodi ni nzima: icheze simu kwa betri yake, au itafutie chaja yake peke yake.