Ukitoka kwenye mbio, chumvi aonje mwingine

Kama umepanga kukimbia nusu marathoni asubuhi, halafu mchana uwapikie watu wa nyumbani kile chakula wanachokipenda, menya na ukatekate vitunguu usiku wa kuamkia mbio. Nyama nayo ilale na viungo vyake kwenye friji. Baada ya kilomita 21.1, kusimama jikoni miguu imekaza ni adhabu. Vuta kiti, koroga umekaa.

Ila kubwa ni chumvi. Umetoka jasho jingi, mwili unaitamani, kwa hiyo mchuzi utauona chapwa hata kama umekolea. Mimi niliongeza mara mbili, watoto wakashindia maji. Siku hizi aonje mwingine. Na ule hata ndizi kwanza. Ukipika na njaa, nyama itaishia sufuriani.