Dili ya NHL usiisifie kabla hujaipima hivi

Watu wengi wakiona timu mbili za NHL, ile ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, zimebadilishana wachezaji wanakimbilia magoli tu, huyu kafunga 30 yule 12, basi wameshatoa hukumu. We anza na mkataba bana. Ligi ina kikomo cha mishahara, msimu wa 2025-26 ni dola milioni 95.5 kwa timu, sasa mchezaji mzuri anayelipwa kupita kiasi anakuwa mzigo. Cheki ana umri gani, mkataba umebaki miaka mingapi, na je timu inayomtoa itaendelea kulipa sehemu ya mshahara (mwisho nusu), maana hapo hesabu inageuka kabisa.

Halafu chaguo za drafti, yani zamu za timu kuchagua chipukizi kila mwaka, kwa kawaida timu dhaifu zikitangulia, hapa ndo watu wanapigwa. 1989 Toronto walimchukua beki Tom Kurvers toka New Jersey wakatoa chaguo lao la raundi ya kwanza la 1991, wakaona mwaka huo bado uko mbali, nani anajali, kumbe timu ikaporomoka, chaguo likawa namba 3 na New Jersey wakajichukulia Scott Niedermayer aliyekuja kubeba nao Stanley Cup (kombe la ubingwa wa ligi) tatu. Yani jiulize timu yako itakuwa wapi mwaka huo, na weka kinga, likiangukia kumi bora libaki kwako.

Mwenye mkataba unaoisha mwisho wa msimu? Huyo wa kuazima tu, mlipie kama kombe unalitaka mwaka huu huu. Makipa mi huwa nawakata bei, leo moto kesho nyavu zinatikisika tu.