Linux na programu za kulipia hukaa kompyuta moja

Wengi hudhani ukiweka Linux, mfumo endeshi wa kompyuta kama Windows, basi kila kitu ndani yake lazima kiwe cha bure. Sivyo kabisa. Leseni ya GPL, inayodai anayesambaza programu atoe pia msimbo chanzo wake (maandishi ambayo programu imeundwa nayo), inaibana kernel yenyewe, yaani kiini cha Linux. Programu inayoendeshwa juu yake inaweza kuuzwa bila kutoa msimbo chanzo wake. MATLAB (ya hesabu), Maya (ya picha za 3D) na DaVinci Resolve Studio (ya kuhariri video) zote zina matoleo ya Linux, na zote ni za kulipia.

Kwa hiyo kabla hujafuta Windows, angalia kila programu uliyonunua kama ina toleo la Linux. Kama haina, jaribu Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, ila usiitegemee kwa kazi ya mteja mpaka ufungue faili zako halisi, uzihariri na kuzihifadhi. Ikigoma, bakiza Windows kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya Linux.

Kuna jambo watu husahau sana: zima leseni (deactivate) ndani ya programu kabla ya kufomati diski. Leseni nyingi huhesabu mashine, na ile uliyoifuta inaweza kuendelea kuhesabiwa. Nakili pia namba ya leseni na barua pepe uliyojisajilia, uziweke nje ya kompyuta hiyo.