Nyumba ya babu iwe makumbusho: anza na daftari, si na ufagio

Marangu, Kibosho, Machame, Old Moshi: kila upande wa Uchagani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuna nyumba ya zamani katikati ya kihamba, yaani shamba la ukoo, ambayo hakuna anayelala tena. Kuta za mawe, bati lililoshika kutu, sanduku la bati chini ya kitanda, mashine ya mkono ya kumenyea kahawa pale barazani. Siku ukoo unapokubaliana nyumba hiyo iwe makumbusho, kesho yake watu huja na mafagio. Wanachoma makaratasi, wanasugua vibuyu, wanapaka viti vanishi. Kufikia jioni nyumba inang'aa na historia yake imekwenda na moshi. Utando mweusi ndani ya kata ndio ushahidi kwamba kata ile ilichota mbege, pombe ya ndizi, miaka mingi. Ukiuondoa unabaki na kata kama zile zinazouzwa kwa watalii mjini.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: kitu kisisogezwe kabla hakijapigwa picha na kuandikwa kilipokuwa. Simama kwenye kila kona ya chumba na upige picha kuelekea kona ya mkabala, kisha kila ukuta, dari na sakafu. Chumba kimoja kitakupa picha kumi hivi. Chora na ramani yake kwenye karatasi ya miraba. Nyumba yenyewe ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote mtakavyoonyesha. Mahali kiti cha babu kilipokaa, kutazama mlango au kutazama moto, ni habari ambayo haiwezi kurudishwa ikishapotea.

Kikao cha Desemba

Wakati mzuri wa kikao ni kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, watu wa Dar, Arusha na Mwanza wakiwa wamepanda nyumbani. Kwa desturi ya Uchagani nyumba ya wazazi mara nyingi hubaki kwa kitinda mimba wa kiume, na hapo ndipo familia nyingi hukosea: zinachukua ridhaa yake peke yake. Mashangazi na akina dada walioolewa wana vitu, wana picha, na mara nyingi ndio wenye kumbukumbu. Wasipoitwa mapema, ugomvi utakuja baada ya ufunguzi, na kila mtu atakuja kuchukua chake.

Muhtasari wa kikao utaje mambo manne: nyumba na eneo vinasimamiwa na nani, fedha ya kiingilio inakwenda wapi, nani anashika funguo, na makumbusho yakifungwa vitu vinarudi kwa nani. Wote wasaini. Mkitaka chombo kitakachoishi kuliko ninyi, sajilini wadhamini kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kuacha kila kitu kwa jina la mtu mmoja ni kuwaachia wajukuu kesi ya mirathi.

Kila kitu kinachoingia kiwe na karatasi yake: ni zawadi au ni azima. Zawadi hairudi. Azima ina muda, kwa mfano miaka mitatu, na inaongezwa kwa maandishi. "Nimewaachia tu hapo" isikubaliwe hata kwa baba mdogo.

Daftari na namba

Nunua kaunta buku kubwa lenye jalada gumu. Kompyuta itafuata, lakini daftari halihitaji umeme. Namba inayofanya kazi vizuri ina sehemu tatu: mwaka, fungu, kitu. Mfano 2025.4.17 ni kitu cha 17 katika fungu la nne lililopokelewa mwaka 2025. Namba haitumiwi tena hata kitu kikipotea.

Katika mstari wa kila kitu andika jina lake kwa Kichagga cha pale, jina la Kiswahili, kilipokutwa, vipimo kwa sentimita, hali yake, nani ametoa, na nani amesimulia habari zake, tarehe gani. Usiandike "Kichagga" tu. Kimachame, Kivunjo na Kirombo vinaweza kukiita kitu kilekile kwa majina tofauti, na mgeni wa Rombo atakusahihisha mbele ya watu.

Namba iandikwe wapi? Kwenye nguo, shona utepe mdogo wa pamba wenye namba. Kwenye picha, andika nyuma pembeni kwa penseli laini ya 2B, picha ikiwa imelala juu ya kioo au meza ngumu; kalamu ya wino hupenya hadi mbele. Kwenye mbao, chuma na vyungu, funga kikaratasi kigumu kwa uzi wa pamba. Wenye uwezo wa kupata Paraloid B-72, aina ya vanishi angavu ya wahifadhi, wapake doa dogo mahali pasipoonekana, waandike juu yake, kisha wapake tena. Hutoka kwa asetoni bila kuacha alama. Rangi ya kucha ambayo wengi huitumia badala yake hugeuka njano na kubanduka na namba. Selotepu marufuku kabisa.

Kukisia umri bila kudanganya

Wazee watakwambia kitu ni "cha enzi za Mjerumani". Huenda ni kweli, lakini vitu vingine hujitaja vyenyewe. Sarafu za heller, za utawala wa Kijerumani, zilianza kutolewa 1904. Karatasi yenye neno Tanganyika kama jina la nchi, si la ziwa, ni ya 1920 au baadaye. Chama cha wakulima wa kahawa cha KNPA kilianza 1925, na KNCU ikachukua nafasi yake mwaka 1933. Basi stakabadhi ya KNCU haiwezi kuwa ya babu aliyefariki 1930, hata kama ndivyo familia inavyosimulia. Picha ya sherehe za kumsimika Mangi Mkuu Thomas Marealle haiwezi kutangulia mwaka 1952.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwenye habari za umangi, yaani uchifu wa Kichagga. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na jina lake bado linawagusa watu. Familia ikisema mkuki fulani ulikuwa wa askari wake, andika "Kwa simulizi ya familia" na utaje msimulizi ni nani kwa ukoo. Usiandike kama jambo lililothibitishwa. Maneno hayo manne hayapunguzi heshima ya mkuki, ila yanakulinda siku atakapokuja mtu mwenye simulizi nyingine.

Unyevu, mwanga na wadudu

Hapa ndipo makumbusho madogo ya mlimani hufia. Mjini Moshi hewa ni kavu kwa miezi mingi, lakini ukipanda Kibosho au Marangu kuna masika ya Machi hadi Mei, kisha ukungu wa Juni na Julai. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, kuvu huota kwenye ngozi, vitabu na vibuyu. Lengo ni kati ya 45 na 60, na la muhimu zaidi ni kuzuia kupanda na kushuka kwa ghafla, maana ndiko kunakopasua mbao.

Weka haigromita (kipima unyevu) ndogo ya kidijitali kila chumba na uandike asubuhi na jioni. Kabla ya kuiamini, ijaribu: weka kijiko cha chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, tia matone ya maji mpaka iwe kama uji mzito, kisha ifunge pamoja na haigromita ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa saa 12. Inapaswa kusoma 75. Ikisoma 70, jua kwamba inapunguza tano.

Dawa ya unyevu huanzia nje. Zibua mifereji ya bati. Udongo unaozunguka ukuta uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 au zaidi. Migomba iliyoegemea ukuta isogezwe mita mbili, hata kama mama mkubwa atalalamika kuhusu mkungu. Na tafadhali, ukuta wa mawe uliojengwa kwa udongo au chokaa usipigwe plasta ya saruji. Saruji hufungia maji ndani, ukuta unaloa, na baada ya masika mbili tatu plasta inadondoka na vipande vya ukuta. Tumia chokaa: sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Madirisha yafunguliwe saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni siku za jua, yafungwe siku za ukungu. Kabati likae sentimita 10 mbali na ukuta wa nje.

Mwanga huharibu polepole na hauna tiba. Picha, karatasi, nguo na ngozi iliyopakwa rangi visizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga). Programu ya simu itakupa makadirio yanayotosha. Njia rahisi ni kuonyesha nakala: skani picha kwa nukta 600 kwa inchi, chapisha, weka nakala ukutani na ya asili gizani ndani ya sanduku. Mapazia yashonwe kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa kwanza kuondoa wanga, kwa sababu wanga huita mende.

Kiti kinachodondosha unga laini huenda kina wadudu hai. Usikipake oili chafu wala mafuta ya taa. Huacha madoa na harufu isiyotoka. Kifunge ndani ya plastiki nzito, kamua hewa, kiweke kwenye friza kwa nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Ukikitoa, kiache kimefungwa saa 24 ili umande utue juu ya plastiki, si juu ya mbao. Ngoma yenye ngozi iliyokazwa, vioo na mbao zenye rangi visiingie friza. Kwa mchwa, vunja njia zao za udongo ukutani kila wiki. Zikijengwa upya, ita fundi wa dawa ashughulikie msingi, si vitu.

Kuonyesha

Shokesi za alumini na kioo wanazotengeneza mafundi wa madirisha mjini zinafaa kuliko kabati la MDF, mbao za unga wa mti uliogandishwa kwa gundi. MDF hutoa mvuke unaotia kutu chuma na kufifisha picha. Shokesi iliyopakwa rangi ikae wazi wiki nne kabla ya kuwekwa kitu.

Maelezo ya kila kitu yasizidi maneno 60, herufi zisomeke ukiwa mita moja, na katikati ya bango pawe sentimita 145 kutoka chini. Anza na jina, kisha kazi yake, kisha ya nani, kisha mmejuaje.

Vitu viwili vinahitaji serikali kwanza. Ngozi ya chui, pembe au meno ya tembo ni nyara za Serikali. Hata kama ni urithi, ongea na maofisa wanyamapori kabla ya kuvionyesha. Na mgeni akitaka kununua kitu cha kale, jibu ni hapana: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inazuia kuvitoa nchini bila leseni.

Njia ya wageni isipite makaburini isipokuwa ukoo umekubali, na mpaka wa hapo uoneshwe kwa mimea ya masale iliyopandwa, si kwa kamba ya plastiki. Kila Desemba, wenye nyumba wakiwa wamerudi, watu wawili wazunguke na daftari: mmoja asome namba, mwingine aguse kitu. Kisichopatikana kiandikwe "hakijaonekana" na tarehe, na mstari wake usifutwe.